Mama Mishale Anastaafu, Sheria Yake Imemtangulia

Tarehe 30 Juni, Profesa wetu wa lugha za programu, ambaye idara nzima inamwita Mama Mishale, anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Amekuwa mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa, mkuu wa idara kwa kipindi kimoja ambacho mwenyewe ameomba kisizungumziwe, na msimamizi wa wanafunzi wa uzamivu ambao leo wametapakaa kila mahali, wakifanya kazi ambazo wazazi wao hawawezi kuwaeleza majirani.

Ni haki msomaji ajue mapema kwamba mimi ninayeandika wasifu huu ni katibu wa idara. Mtafiti simi. Walioombwa kwanza ni wenzake wa kitaaluma, nao wakaleta ukurasa mmoja safi sana, ila maneno yake yalikuwa ya kuhesabika na vingine vyote vilikuwa alama. Mshereheshaji wa hafla ya kumuaga alipouona akauliza ile herufi A iliyosimama kichwa chini inasomwaje kwenye kipaza sauti. Walimjibu watu watatu kwa pamoja, naye akaomba kiti. Kamati ya hafla ikaamua wasifu uandikwe na mtu asiyeelewa, ili angalau wale wasioelewa wapate kufuatilia, na macho yote yakanigeukia. Mpaka leo sijui kama niliheshimiwa au nilitukanwa.

Nianze na jina. Kwa Mama Mishale kila kitu ni mshale: hapa kinaingia kitu, mshale, pale kinatoka kitu. Hicho kinachopokea na kutoa wanakiita fanksheni, na utafiti wake wote ni wa lugha za kompyuta zilizojengwa kwa fanksheni tupu. Amechora mishale ubaoni, madirishani, nyuma ya kumbukumbu za vikao, na siku moja kwenye kioo chenye vumbi cha gari la mkuu wa taasisi. Gari lile lilikwenda na mishale yake hadi kwenye mkutano wa wafadhili. Mkuu wa taasisi alirudi anasema kuna mfadhili mmoja ameipiga picha.

Kwa jinsi nilivyoelezwa, na nimeelezwa mara nyingi, katika lugha za kawaida za kompyuta una kitu kama kopo lenye jina. Leo unatia tano, kesho unamwaga, unatia sita. Katika lugha za Mama Mishale hakuna kumwaga. Kikishakuwa tano, ni tano hadi kufa. Ukitaka sita, tafuta kopo lingine. Nilimuuliza hayo makopo yote ya zamani yanakwenda wapi. Alifurahi mno, akasema hilo ni swali zuri la utafiti, akanichorea mishale mpaka chai yangu ikapoa. Niliondoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyofika.

Imani hiyo aliiishi. Hakuwahi kurekebisha faili hata siku moja. Akibadili neno moja katika ripoti ya idara, alitengeneza ripoti nyingine nzima, na ile ya zamani ikabaki kama ilivyokuwa. Kompyuta yangu ina Ripoti, Ripoti Mpya, Ripoti Mpya Hasa, Ripoti Hii Ndiyo, na Ripoti Hii Ndiyo Kweli. Mwaka mmoja mkuu wa kitivo alipelekewa ile ya kwanza kabisa, akaisifu kwa uwazi wake.

Jambo la pili ni uvivu. Msishtuke, ndilo jina lake la kitaalamu. Mashine ya Mama Mishale haikokotoi kitu mpaka atokee mtu anayekihitaji. Ukiiagiza namba zote kuanzia moja na kuendelea, haisumbuki. Inakupa moja, kisha inakaa kuona kama utaomba mbili. Ndiyo maana humo ndani mtu anaweza kuwa na orodha isiyo na mwisho na maisha yakaendelea. Hizo orodha zisizo na mwisho ndizo zilizokuwa kipenzi chake. Mhadhara wake wa kwanza kwa kila kundi la wanafunzi ulikuwa juu ya orodha hizo, na wako waliokuja kuusikiliza mwaka baada ya mwaka, kama watu wanaorudia wimbo. Alipobandika tangazo la semina lililosema "Uvivu: Hatua Tulizopiga Mwaka Huu", ofisi ya utumishi ilimwandikia barua kutaka maelezo. Aliwajibu baada ya kukumbushwa mara tatu, akieleza kwa adabu kwamba kabla ya hapo hakuwa na hakika kama jibu linahitajika kweli.

Nyumbani hali ilikuwa hivyohivyo. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache na sanduku kubwa la spana, aliwahi kuniambia: "Mimi nilioa mke, lugha yake sikuoa." Lakini kila ulipofanyika mhadhara wa wazi, shemeji alikuwa amekaa mstari wa mbele, kavaa koti, anatikisa kichwa mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kutikisa kichwa.

Sasa niingie kwenye mafanikio, na hapo ndipo mambo yanaponivuruga. Katika wasifu wowote ule, ya kwanza ingekuwa Sheria ya Mishale. Aliithibitisha akiwa bado kijana, na kwa lugha ya kibinadamu inasema hivi: kuna kazi ambazo kompyuta huzifanya kwa kuipitia orodha mara mbili, na ukifuata sheria hii unaweza kuipitia mara moja tu na jibu likawa lilelile. Watu waliipenda. Imo katika vitabu vya kufundishia, imenukuliwa na watafiti ambao hajawahi kuwaona, na ndani ya sheria hiyo kuna mishale mingi kiasi kwamba mchapaji wa jarida alidhani mashine yake imeharibika. Nilikuwa nimeshaiandika juu kabisa katika rasimu yangu. Mwenyewe alipoisoma akaomba kalamu, akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akasema, "Hii andika kwamba ilianguka. Na andika nani aliyeiangusha."

Aliyeiangusha ni mwanafunzi wake wa mwisho wa uzamivu, ambaye kwa sababu hiyo ya kuwa wa mwisho sote tunamwita Kitindamimba. Ni binti mpole, anayegonga mlango hata ukiwa wazi. Tasnifu yake yote, tangu sura ya kwanza, ilijengwa juu ya Sheria ya Mishale, kama nyumba juu ya msingi ambao hakuna aliyeona haja ya kuuchimbua.

Siku hizi, ninavyoambiwa, watafiti wa fani hii hawaamini tena uthibitisho wa karatasi peke yake. Wanaupeleka kwenye programu inayosoma hatua kwa hatua na kukataa kila isiyojitosheleza. Hapa idarani tunaiita Mkaguzi. Mkaguzi hana undugu na mtu. Hajali wewe ni profesa wala umechoka. Kitindamimba alimpa Mkaguzi ile sheria ya mwalimu wake kama jambo la kukamilisha tu, ili aendelee na sura zake mwenyewe. Mkaguzi akagoma.

Binti alidhani amekosea kuandika. Akaandika upya. Mkaguzi akagoma palepale, mstari uleule. Alianza kukonda mbele ya macho yetu. Alikuja ofisini kwangu kuomba nimpangie miadi na Mama Mishale, mtu ambaye mlango wake haujawahi kufungwa. Nilimwambia, "Nenda tu, yupo." Akasema, "Najua yupo, dada. Ndiyo shida yenyewe." Mwishowe alifanya kitu ambacho mimi nilikiona cha ajabu na wenzake wakakiona cha kawaida: alimtumia mwalimu wake ule ujumbe wa Mkaguzi kama ulivyo, bila salamu, bila neno lolote la kwake.

Mama Mishale aliusoma, akacheka kwa nguvu. Mchana akashuka kantini, akakuta foleni imefika mlangoni, akaomba kila mtu ageuke nyuma. Watu wakageuka, maana ni profesa. "Sasa nani wa kwanza?" akauliza. Alikuwa bawabu, aliyekuwa mkiani, naye akaanza kutabasamu. Akaomba wageuke tena. Foleni ikarudi ilivyokuwa na tabasamu la bawabu likaisha. "Mmeona? Ukigeuza mara mbili, unapata ileile. Niliandika hivyo. Sasa niambieni, kama foleni hii haina mwisho, mkigeuka, nani atahudumiwa kwanza?" Mpishi alikuwa ameshika mwiko juu. "Mama, foleni hii ina njaa!" alisema. "Hakuna wa kwanza," Mama Mishale akajijibu mwenyewe. "Mpishi atasubiri milele." Akaondoka bila kula.

Nilichoelewa mimi ni hiki: katikati ya ile sheria maarufu kuna mstari mmoja ambao unageuza orodha na kuigeuza tena, na unahesabu kwamba hakuna kilichoharibika. Ni kweli kwa orodha yenye mwisho. Kwa orodha isiyo na mwisho, kompyuta inakwenda kumtafuta wa mwisho na hairudi. Na mama huyu, aliyefundisha orodha zisizo na mwisho maisha yake yote, alizisahau katika mstari mmoja. Mtu wa kawaida asingeweza kukosea hivyo, kwa sababu mtu wa kawaida hana habari kama kuna orodha za namna hiyo.

Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Kwa kanuni za taasisi, mstaafu hasimamii mwanafunzi, na hakuna mwingine hapa mwenye kuijua fani hiyo. Kama sheria isingetengenezwa kabla ya tarehe ya kustaafu, Kitindamimba angebaki hana msimamizi na tasnifu yake haina msingi, na ingebidi aanze upya, mada nyingine, labda na mahali pengine. Miaka yake yote ingekwenda na maji. Mhadhiri mmoja wa idara, kwa nia njema kabisa, alimshauri Mama Mishale apige kimya: sheria haijamdhuru mtu miaka yote hii, mwache binti atetee tasnifu yake, staafu kwa heshima zako, masahihisho yatatolewa baadaye na wengine. Nilikuwa napita na majalada, nikamsikia akijibu, "Mtoto asimame juu ya ubao ambao najua umeoza, halafu mimi nipige makofi?" Yule mhadhiri hakurudia tena.

Mwalimu na mwanafunzi wakajifungia. Madirisha yakajaa mishale hadi chumba kikawa na kiza mchana. Mama Mishale alitaka sheria isimame kwa orodha zote, zenye mwisho na zisizo na mwisho, kama alivyoitangaza ujanani. Kitindamimba, kwa sauti ya chini, alipendekeza waifanye ndogo: iwe kwa zenye mwisho tu, na zile nyingine zitafutiwe njia tofauti. Mwalimu hakutaka kusikia. Kila wiki alikuja na njia mpya ya kuiokoa yote, na kila wiki Mkaguzi aligoma. Shemeji alikuja ofisini kwangu na sanduku lake la spana, akaketi bila kukaribishwa. "Mmemfanya nini mke wangu? Anakaa mezani hasemi. Kuna mtu amekufa?" Nikamwambia kuna sheria imekufa. Akauliza kama inatengenezeka. Nikasema sijui, shemeji, hata ilipokuwa hai sikuijua.

Sikushuhudia siku Mama Mishale alipokubali. Najua tu kwamba asubuhi moja nilimkuta anafuta madirisha mwenyewe, kwa kitambaa na maji, polepole, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza kama nimwite mhudumu. Akasema hapana, hii ni ya kwake. Kisha akasema, kama anayeongea na kioo, kwamba amekuwa akitetea jina lake huku akidai anamtetea mtoto. Nilitamani kusema kitu cha maana. Nilimletea maji safi.

Siku chache baadaye nikasikia ukelele kutoka chumbani kwao. Nikadhani ni hitilafu ya umeme. Nilikimbia na mtungi wa kuzimia moto, nikawakuta wamekumbatiana mbele ya skrini isiyo na kitu. Hakuna hata neno moja. Nikauliza kulikoni. Wakanieleza kwamba Mkaguzi akiridhika hasemi, ananyamaza tu. Walikuwa wanashangilia kimya chake. Nilirudisha mtungi mahali pake na sikuuliza tena.

Ikabaki siku ya utetezi. Wasiojua utaratibu wajue kwamba siku hiyo msimamizi huruhusiwa kukaa ndani, kiti cha nyuma kabisa, ila hasemi. Hatakiwi hata kukohoa kwa namna yenye maana. Mimi nilikuwa kwenye benchi la korido na chupa za chai za jopo, na juu ya mlango ule vioo havifungi, kwa hiyo nilisikia yote.

Kitindamimba alianza vizuri. Alipofika kwenye ile sheria, sauti ikaanza kupotea. Alisema kulikuwa na kajambo kadogo. Alisema pengine palihitaji uangalifu. Mtahini wa nje, mtu mkavu mwenye kikohozi, akamwomba afafanue. Akasema huenda yeye mwenyewe hakuielewa sheria ipasavyo. Mtahini akauliza waziwazi: "Tatizo ni lako au ni la sheria?" Mwalimu wake yuko mle ndani, mwanamke aliyemlea kitaaluma, na binti huyu hagongi hata mlango kwa nguvu. Nikamsikia anasema, "Labda ni langu." Mtahini akasema kama ni lake, basi tasnifu nzima ina kasoro, na jopo halitakuwa na namna. Hata mimi nisiyeelewa mishale nilielewa kwamba anazama, na kwamba anazama kwa adabu.

Mlango ukafunguliwa. Mama Mishale akatoka, akaufunga taratibu, akaketi kando yangu. Nilidhani amezidiwa. Nikamuuliza kama ni presha, nikamimina maji, nikamwambia arudi ndani, mtoto anaangamia. Akaweka kidole mdomoni.

Kisha kutoka ndani ikaja sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa binti yule, pana na imenyooka: "Ni la sheria. Kama ilivyochapishwa, si kweli. Mwalimu wangu alikosea mstari mmoja. Ni huu hapa, na hivi ndivyo tulivyoutengeneza." Chaki ikaanza kugonga ubao.

Mama Mishale alinishika mkono. "Amesema," akaninong'oneza. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka, na mimi, katika miaka yangu yote ya kupokea watu wenye furaha na wenye misiba pale ofisini, sikujua nimpe pole au nimpe hongera. Nikampa zote mbili.

Jopo lilimpitisha Kitindamimba siku hiyohiyo. Sheria mpya ni ndogo kuliko ile ya zamani na inaitwa kwa jina lake yeye. Kwa ombi la mwenyewe, hilo ndilo tumeliweka kuwa fanikio la kwanza la mstaafu wetu, na jopo la wasifu, ambalo ni mimi peke yangu, limekubali bila kuelewa.

Mama, kwa niaba ya idara, ya wanafunzi wako wote, ya bawabu na ya mpishi ambaye amekusamehe, tunakushukuru. Pumzika na shemeji, mwambie sasa anaweza kuacha kutikisa kichwa. Afya iwe nawe, na siku zako zijazo ziwe njema zote. Kitindamimba, ambaye kuanzia mwezi ujao ni mhadhiri wetu, amehamia chumba chako leo asubuhi. Amekuta madirisha meupe, hayana hata mshale mmoja. Akaja kuniuliza kama anaruhusiwa kuchora.